Livu mbili za siku 14: uchambuzi wa kisa cha karani wa forodha Tanga

Mhusika ni mama wa miaka 41, karani wa nyaraka katika kampuni ya wakala wa forodha jijini Tanga. Anaishi Makorora na mume wake, fundi pikipiki, pamoja na watoto watatu na mama mkwe. Yuko kwenye mwaka wa tisa kazini. Kisa kimesukwa kutokana na mambo yanayojirudia katika ofisi za aina hii, kwa hiyo si habari ya mtu mmoja wala kampuni moja. Hata hivyo, karani yeyote wa pale bandarini ataikuta siku yake ya kazi humu ndani.

Kinachofanya kisa hiki kifae kuchambuliwa ni kwamba ndani ya miezi sita mtu yuleyule, wa ofisi ileile, alikwenda livu mara mbili: siku 14 mwezi Desemba, siku 14 mwezi Juni. Mshahara haukubadilika, bosi hakubadilika, nyumba ilikuwa ileile. Ya kwanza ilimrudisha kazini amechoka kuliko alivyoondoka. Ya pili ilimrudishia usingizi.

Alivyokuwa kabla ya Desemba

Alikuwa akiamka saa kumi usiku bila kengele, macho makavu, kichwani kuna kontena. Usingizi ulikuwa saa nne na nusu, tano zikizidi. Ofisini alikunywa vikombe vitano vya kahawa, cha mwisho saa kumi jioni.

Kosa lililomtisha lilikuwa dogo. Namba ya kontena ina herufi nne na tarakimu saba, na ile ya mwisho ni ya kuhakiki: ukibadilisha tarakimu moja, kwa kawaida hesabu haikubali na mfumo unaikataa. Kwa miaka minane alikuwa anaandika namba hizo kwa kuzitupia jicho mara moja tu. Novemba alikataliwa mara mbili ndani ya wiki moja, akaanza kusoma kila namba mara tatu kwa kidole, na bado hajiamini. Nyumbani nako, binti yake mkubwa alikuwa amejizoesha jambo ambalo hakuna aliyemwagiza: akisikia mlango wa uani, anawatoa wadogo zake kwenda kukaa barazani mpaka mama amalize kula.

Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa ya ICD-11, linauelezea uchovu wa kazi uliokithiri kwa dalili tatu: kuishiwa nguvu, kujiweka mbali na kazi kwa moyo uliokufa ganzi au wa chuki, na kuona huna tija tena. Shirika lenyewe halikuuita ugonjwa. Limeuweka kama hali inayotokana na msongo wa kazini uliokaa muda mrefu bila kushughulikiwa. Mama huyu alikuwa na zote tatu. Dodoso la PHQ-9 la kupima dalili za sonona, lenye maswali tisa yanayopimwa kuanzia 0 hadi 3 (jumla 27), lilimpa alama 12. Kuanzia 10 mhudumu wa afya hutakiwa kuangalia sonona kwa makini. Dodoso peke yake halimwiti mtu mgonjwa, lakini alama 12 si ya kupuuza.

Kazi yenyewe, na hesabu isiyopigwa

Zamani meli kubwa Tanga zilitia nanga mbali, mzigo ukishushwa kwa matishari. Kazi ilikuwa na vipindi vya kusubiri, na kusubiri huko ndiko kulikokuwa pumziko la makarani wengi bila wao kujua. Baada ya bandari kuchimbwa kina na gati kuboreshwa, meli zinafunga gatini na mzigo unatoka haraka. Ni neema kwa mji. Kwa karani wa nyaraka maana yake ni kwamba pengo kati ya meli na meli limekwisha, huku siku za bure za kontena zikiendelea kuhesabika iwe Jumapili au sikukuu, na zikiisha demareji, yaani tozo ya kuchelewesha kontena, inaanza.

Alikuwa akifanya kazi saa 57 kwa wiki. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, na inaruhusu muda wa ziada usiozidi saa 50 katika kila wiki nne. Gawa 50 kwa nne upate 12.5, jumlisha na 45: 57.5. Kwa hiyo alikuwa ndani ya sheria. Lakini makadirio ya Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yaliyotolewa mwaka 2021 yanasema anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki ana hatari ya kiharusi iliyozidi kwa asilimia 35, na ya kufa kwa ugonjwa wa mishipa ya moyo kwa asilimia 17, akilinganishwa na anayefanya saa 35 hadi 40. Mtu anaweza kuwa hajavunjiwa haki yoyote ya saa za kazi na mwili wake ukawa tayari upande wa hatari. Wasimamizi wengi hawajawahi kuiweka hesabu hiyo mezani, na ni ya dakika moja.

Upande wa likizo, sheria hiyo inampa mfanyakazi siku 28 mfululizo kwa kila mzunguko wa miezi 12, sikukuu zikiwa zimehesabiwa humo. Mwajiri ndiye anayepanga tarehe, ila isivuke miezi sita baada ya mzunguko kwisha. Inaweza kufika miezi 12 mfanyakazi akikubali na mahitaji ya kazi yakiwa ya kweli. Mfanyakazi pia anaweza kukubali kufanya kazi kipindi cha likizo kwa malipo ya mshahara wa mwezi, ila isiwe miaka miwili mfululizo. Mama huyu aliiuza likizo yake mwaka juzi ili kulipa ada. Mwaka uliofuata zikawa siku mbili za msiba hapa, tatu za mtoto kuumwa pale, zote zikaandikwa "likizo". Pumziko la kweli alikuwa hajalipata kwa takribani miaka mitatu.

Desemba: siku 14 za kwenye karatasi

Fomu ilisainiwa Ijumaa. Jumamosi na Jumapili alikwenda ofisini "kumalizia kidogo". Siku ya tatu hadi ya saba alikuwa Korogwe kwenye arusi ya ndugu wa mume: kusonga, kupakua, kuosha sufuria, kulala kwenye mikeka chumba kimoja na wanawake wanane. Siku ya nane na ya tisa zikaishia kwenye safari na kufua. Kuanzia ya kumi alikuwa nyumbani, na hapo likatokea jambo linalowapata akina mama wengi wa mwambao wakienda livu: nyumba nzima iliona imepata mpishi wa kutwa. Mama mkwe akaomba maandazi ya asubuhi. Mume akaleta wageni.

Kisha simu. Kwenye kumbukumbu za simu yake zilionekana simu 43 za ofisini kwa siku 14, nje ya ujumbe wa kundi la WhatsApp. Moja inafaa kuangaliwa kwa karibu. Siku ya kumi na moja, saa nne asubuhi, mwenzake ana kontena ambalo uzito wake kwenye hati ya shehena haulingani na ulioandikwa kwenye ankara ya mzigo. Anatafuta barua ya marekebisho kutoka kwa wakala wa meli. Barua ipo, ila mama ameihifadhi kwenye kompyuta yake kwa jina la gari la mteja, jina ambalo hakuna mwingine anayelijua. Kompyuta ina nywila. Anaitaja nywila kwa simu, herufi kwa herufi, vitunguu vikiungua jikoni. Mwenzake anafungua, anakosea faili, anapiga tena. Dakika 40. Baada ya hapo mama hakupiga simu yoyote ya kazi, lakini mpaka jioni alikuwa akiwaza: wamefungua nini kingine?

Mwenzake hakuwa na nia mbaya. Bosi naye hakuwa mkatili. Ofisi ilikuwa imejengwa juu ya kichwa cha mtu mmoja, na kichwa hicho hakiwezi kupumzika bila ofisi kusimama. Likizo hii iliharibika wiki tatu kabla haijaanza, siku ambayo hakuna aliyeuliza: nani atajua kilipo nini?

Alirudi kazini Jumatatu. Saa sita mchana alikuwa amekwisha kunywa kahawa ya nne.

Kwa nini siku 14 hazikufanya kitu

Mwaka 2007 watafiti Sabine Sonnentag na Charlotte Fritz walieleza mambo manne yanayomrudishia mfanyakazi nguvu nje ya saa za kazi: fikra kuachana na kazi, mwili kutulia, kujifunza au kumudu jambo jipya, na kuwa na mamlaka juu ya muda wako mwenyewe. Tukiipima Desemba kwa vipimo hivyo, fikra hazikuachana na kazi hata siku moja nzima, mwili haukutulia, hakujifunza kitu, na muda wake wote uliamuliwa na watu wengine. Arusi si kitu kibaya. Kucheka na mawifi ni dawa, na upweke nao unaumiza akili. Lakini shughuli ambayo huwezi kuikataa, huwezi kuondoka mapema, na unatakiwa utoe mchango na nguvu zako, hiyo ni zamu nyingine ya kazi. Iandikwe kwenye kalenda kwa jina lake, na livu ihesabiwe mbali.

Kati ya yale manne, la kwanza ndilo lililobeba uzito. Kujitenga na kazi si suala la umbali. Mtu akiwa kilomita mia moja kutoka bandarini lakini anasubiri simu, mwili unabaki kwenye hali ya tahadhari: usingizi mwepesi, misuli ya shingo imekaza, tumbo halitulii. Kinachoumiza ni ule uwezekano kwamba simu inaweza kuita muda wowote. Ndiyo maana simu 43 za dakika chache chache ziliharibu siku 14 kamili.

Urefu nao una kazi yake. Jessica de Bloom na wenzake wa Uholanzi walifuatilia wafanyakazi 54 waliokuwa na likizo ndefu, wastani wa siku 23. Hali zao zilipanda haraka, zikafika kilele siku ya nane, na wiki ya kwanza ya kurudi kazini zilikuwa zimerudi zilipokuwa mwanzo. Kuna mambo mawili ya kuchukua hapo. Likizo isiyofika wiki hukatwa kabla haijaiva. Na kwa kuwa faida inayeyuka upesi, kuzilundika siku zote 28 mara moja kwa mwaka hakumpi mtu ziada kubwa kuliko kuzigawa mara mbili. Sheria inazitaja siku hizo kuwa mfululizo, kwa hiyo mgawanyo uwe wa makubaliano ya maandishi, na kila kipande kizidi siku kumi.

Juni: wiki tatu za maandalizi

Juni ilichaguliwa kwa sababu shule zimefungwa, masika imekwisha, na hakukuwa na arusi. Hilo la tatu lilimgharimu: alituma mchango wa shughuli moja ya Muheza, akaomba radhi mapema, na maneno yakasemwa. Aliyavumilia.

Kazi kubwa ilikuwa makabidhiano. Wiki ya tatu kabla ya livu, aliomba kwa maandishi mwenzake apewe ruhusa yake mwenyewe kwenye mfumo, yenye jina lake. Nywila haikuazimwa. Kuazimana nywila ndiko kunakokuzuia usilale: kosa lolote litakalofanyika litaandikwa jina lako. Maombi yalichukua siku sita kukubaliwa, kwa hiyo asiye na wiki tatu asitegemee njia hii.

Wiki ya pili alihamisha faili kutoka kwenye kompyuta yake kwenda folda ya ofisi, na kila moja ikapewa jina la mfumo mmoja: tarehe ya meli kufika, namba ya hati ya shehena, jina la mteja. Akafungua daftari la kurasa 40. Ukurasa mmoja kwa kila mzigo ulio njiani, na juu kabisa kwa wino mwekundu siku ambayo muda wa bure wa kontena unakwisha. Kurasa zikapangwa kwa tarehe hiyo, si kwa ukubwa wa mteja. Chini ya kila ukurasa: karatasi gani bado, iko kwa nani, namba yake ya simu, na huyo mtu hupatikana saa ngapi. Hilo la mwisho linaonekana dogo, lakini nusu ya simu za Desemba zilikuwa za kuuliza "huyu nampataje?"

Wiki ya mwisho mwenzake aliifanya kazi yote, mama akiwa ameketi pembeni bila kugusa kibodi. Maswali aliyouliza yaliandikwa. Yalikuwa 22. Majibu yakabandikwa nyuma ya daftari. Bila wiki hii daftari ni mapambo, maana anayejua kazi hawezi kuona peke yake ni kitu gani hajakiandika.

Kanuni ya simu iliwekwa mbele ya bosi: mtu mmoja tu, mkuu wa ofisi, ndiye atakayepiga; atapiga saa kumi na moja jioni kwa mume wa mama; na sababu ni moja tu, hasara ya fedha ambayo itatokea siku hiyohiyo. Kwa siku 14 simu hiyo ilipigwa mara moja.

Hapa palikuwa na mtego. Aliitoa laini ya ofisi kwenye simu akaiweka kabatini, akaamini amemaliza. Usiku ule kundi la ofisi likaendelea kulia kama kawaida. WhatsApp ikishasajiliwa kwenye simu haihitaji laini iwe ndani, intaneti inatosha. Kuzima sauti ya kundi hakukutosha pia, kwa sababu kila akifungua kumsalimia dada yake alilikuta limejaa. Mwishowe alitoka kwenye kundi, na bosi akaahidi kumrudisha siku ya kuripoti. Anayeona aibu kutoka anaweza kuacha simu yenye programu hiyo ofisini na kutembea na kisimu cha batani.

Nyumbani makubaliano yalifanywa mbele ya mama mkwe, kwa heshima, na mume ndiye aliyesema. Siku tatu za mwanzo jiko ni la binti mkubwa na baba yake. Wali na samaki wa soko la Deep Sea baba anaumudu. Kama mwanamume wa nyumba hakubali sehemu hii, mpango wote unayumba, na sisi tungeshauri pesa ya safari itumike kumlipa msaidizi wa jikoni kwanza.

Kahawa nayo ilipangiwa. Anayezoea vikombe vitano akaacha ghafla huanza kuumwa kichwa kati ya saa 12 na 24 baadaye, na hali hiyo inaweza kuchukua siku mbili hadi tisa. Wengi husema "mimi nikienda livu naumwa", kumbe ni kafeini iliyokatika. Alipunguza kikombe kimoja kila siku mbili katika siku nane za mwisho za kazi, akabaki na kimoja cha asubuhi.

Siku zilivyokwenda

Livu ilianza Jumatano, ikaisha Jumanne. Jumatano hadi Ijumaa nyumbani: kulala. Hakuna ratiba, hakuna kupanga kabati. Siku ya kwanza alihisi hatia na akashika ufagio mara mbili. Siku ya tatu alilala kwa muda wa saa tisa.

Jumamosi safari ya Pangani na watoto wawili wadogo, kwa mama yake mdogo upande wa Bweni, ng'ambo ya mto. Bajeti ilikuwa shilingi 250,000: 60,000 nauli na kivuko, 120,000 chakula aliyomkabidhi mama mdogo mkononi siku ya kufika, 30,000 za watoto, 40,000 akiba ya dharura isiyoguswa. Kumkabidhi mwenyeji fedha ya chakula mwanzoni ni jambo la maana kuliko linavyoonekana. Mgeni asiyelipia chochote huanza kulipa kwa mikono, na tunajua hiyo ni kazi gani. Tanga tunasema waja leo waondoka leo. Kwake, hata hivyo, safari ya kwenda asubuhi na kurudi jioni ingemchosha bure.

Hakuna kilichopangwa Pangani isipokuwa vitu viwili. Kutembea kando ya mto baada ya alfajiri, dakika 40, kabla kusi haijaanza kuvuma kwa nguvu. Na kusuka ukili, ule utepe wa mkeka. Mama mdogo husuka mikeka, na mama huyu hakuwahi kujifunza utotoni. Miyaa iliyokaushwa hulowekwa kidogo ilegee, kisha hupasuliwa kwa upana uleule. Vidole vinapishanisha, kimoja juu kimoja chini, na ukilegeza mkono ukili unapinda kama nyoka. Siku ya kwanza alifumua mara tano. Siku ya nne alikuwa na pima moja iliyonyooka. Kazi ya namna hiyo inashika macho na vidole kwa pamoja, na kichwa kinakosa nafasi ya kuweka kontena. Ndiyo lile jambo la tatu kwenye orodha ya Sonnentag na Fritz, kumudu kitu kipya, na ndilo watu wanalolidharau kuliko yote. Wengi wanadhani kupumzika ni kulala tu. Mwili uliochoka kwa mawazo, usingizi ukishalipwa deni, unataka kazi nyingine isiyo na hofu ndani yake. Bustani, kuvua kwa mshipi, kurekebisha baiskeli mbovu, vyote vinafaa.

Jumamosi ya pili alirudi Makorora. Siku nne za mwisho zikawa za kufua taratibu, kulala mapema, kuzoea tena saa ya kuamka. Kushuka kwenye basi Jumapili usiku na kuingia ofisini Jumatatu asubuhi ni kuitupa wiki nzima iliyotangulia.

Baada ya kurudi

Aliripoti Jumatano, wiki ikiwa imebaki siku nne. Saa mbili za mwanzo hakupokea simu wala kufungua ujumbe mmoja mmoja. Alikaa na mwenzake na daftari. Ujumbe wa baruapepe ulikuwa zaidi ya 300. Aliusoma kuanzia wa mwisho kurudi nyuma, kwa sababu mengi ya mwanzo yalikuwa yameshajibiwa na ya baadaye.

PHQ-9 siku ya mwisho ya livu ilikuwa 5. Wiki nne baadaye 7. Wiki ya nane ilipanda hadi 9. Faida ilikuwa inayeyuka, kama utafiti ulivyosema. Kilichoizuia isirudi 12 hakikuwa kumbukumbu ya Pangani. Kwanza, mwenzake sasa ana ruhusa na anajua faili, hivyo saa za kazi zilishuka hadi 49. Pili, alianza kudai kitu ambacho sheria tayari inampa: mapumziko ya saa 12 mfululizo kati ya siku na siku, na saa 24 mfululizo kila wiki. Kwake ilimaanisha simu ya ofisi kuzimwa kuanzia saa mbili usiku mpaka saa mbili asubuhi, na Jumapili kutwa. Tatu, siku 14 zilizobaki za mwaka huo ziliwekewa tarehe ya Novemba kwa maandishi. Tarehe iliyoandikwa ina faida yake yenyewe: Jeroen Nawijn na wenzake, walipowachunguza watu wazima 1,530 wa Uholanzi mwaka 2010, waliona wanaokwenda likizo huwa na furaha zaidi tangu kabla ya safari. Baada ya safari tofauti ilibaki tu kwa waliosema walipumzika kwelikweli.

Ofisi nayo ilipata kitu. Mwenzake aliona wateja wawili wamekuwa wakitozwa demareji kwa siku zilizohesabiwa vibaya, kosa lililojificha kwa kuwa jicho lilikuwa moja. Mabenki mengi duniani huwalazimisha watumishi wa nafasi nyeti kwenda likizo ya mfululizo kwa sababu hiyohiyo: mtu mwingine akikalia kiti, makosa na wizi huonekana. Mwajiri asiyeguswa na habari za afya ya akili aanzie hapo.

Pale livu isipokuwa dawa

Mama huyu alichoka, na alipopumzika kweli alipona kwa sehemu kubwa. Wapo ambao siku ya nane inafika, simu haijalia, chakula kizuri, watoto wanacheza, na ndani hakuna ladha yoyote. Wanalala kwa muda wa saa kumi wanaamka wamechoka, au hawalali kabisa. Wanajiona mzigo. Hali hiyo ikidumu wiki mbili au zaidi, mfululizo, karibu kila siku, hapo si uchovu wa kazi pekee na kuongeza siku za likizo ni kupoteza muda. Sonona inatibika kwa mazungumzo ya kitaalamu, kwa dawa, au kwa vyote viwili, na matibabu yanaweza kuanzia kituo cha afya cha karibu kabla ya kupelekwa Hospitali ya Bombo. Mkoa huu si mgeni wa mambo haya: kule milimani Korogwe, Lutindi imehudumia wagonjwa wa akili tangu enzi za Wajerumani.

Likizo ya ugonjwa ni fungu tofauti na ya mwaka. Sheria inatoa siku 126 kwa mzunguko wa miezi 36: 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu, kwa cheti cha daktari. Mtu mwenye sonona asizimalize siku zake 28 akijiuguza kimyakimya.

Na anayewaza kujidhuru asisubiri wiki mbili zitimie. Aende leo, na mtu wa nyumbani amsindikize mpaka ndani. Mapokezini si lazima aeleze habari yote, inatosha kusema, "Sijalala siku kadhaa na nina mawazo ya kujidhuru, naomba kumwona mhudumu sasa hivi." Aliyemsindikiza abaki naye, na simu zote za ofisi azipokee yeye.